Kashfa ya Ulimi na Kashfa ya Kalamu

Ndugu msomaji, mtu akikukashifu kwa mdomo, na mwengine akakukashifu kwa barua, uchungu wako ni ule ule. Lakini sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu za Afrika Mashariki zimeirithi, yatenganisha mambo haya mawili. Yafaa tujue mpaka huo ulitoka wapi, na nani aliyeumia kwa sababu yake.

Zamani huko Uingereza kesi za kuvunjiana heshima zilipelekwa mahakama za kanisa. Aliyeshindwa alitakiwa atubu na kuomba radhi, hakutozwa fidia. Karne ya 16 mahakama za mfalme nazo zikaanza kuzisikiliza na kutoa fidia. Ama maandishi, baada ya kuenea mitambo ya kupiga chapa watawala waliyaogopa zaidi, na mahakama iliyoitwa Star Chamber ikawaadhibu vikali walioandika kashfa. Mahakama hiyo ilivunjwa mwaka 1641, lakini desturi ya kuiona kalamu kuwa na hatia kubwa kuliko ulimi ikabaki.

Mwaka 1812 ikaja kesi ya Thorley na Lord Kerry. Thorley alimwandikia bwana huyo barua ya kumwita mnafiki anayejificha nyuma ya dini. Barua haikutiwa lakiri, na mtumishi aliyeibeba akaisoma. Jaji Sir James Mansfield alieleza kwamba lau jambo hili lingekuwa jipya, yeye asingetofautisha maneno na maandishi. Lakini waliomtangulia walikwisha kukata shauri, naye akawafuata.

Kanuni ikawa hivi: aliyekashifiwa kwa maandishi hatakiwi kuthibitisha hasara. Aliyekashifiwa kwa mdomo lazima aonyeshe hasara ya mali, ila katika mambo machache, kama kusingiziwa kosa la kufungwa jela, kuambiwa ana maradhi ya kuambukiza, au kuchafuliwa katika kazi yake.

Sasa litazame pengo lake. Mwanamke akiitwa mzinifu mbele ya majirani, hilo halikuwamo katika mambo hayo. Mahakama za kanisa nazo ziliondolewa kesi hizi mwaka 1855. Basi mwanamke huyo, asipoonyesha pesa alizopoteza, kesi yake haikusimama. Bunge la Uingereza lililiziba pengo hilo mwaka 1891, na sheria ya kashfa ya Kenya ya mwaka 1970 ikafuata njia hiyo hiyo.

Waama katika Uislamu, jambo hili lilikatwa Madina zaidi ya miaka 1,200 kabla ya hapo. Aya ya 4 ya Suratun-Nur imemhukumu anayemsingizia uzinifu mwanamke mwenye kujihifadhi, kisha asilete mashahidi wanne: apigwe mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe. Hakuulizwa mwanamke amepoteza shilingi ngapi. Heshima yake ndiyo mali yake.

Msomaji mpenzi, usijifariji kwa kusema, "Mimi sikuandika, nilisema tu barazani." Tangu 1952 sheria ya Uingereza imeyahesabu maneno ya redio kuwa kama yaliyoandikwa, na leo sauti yako hukaa ndani ya simu za watu usiowajua. Na kwa Muislamu mpaka huu haukuwapo kamwe, kwani kila neno tulitamkalo yuko malaika wa kuliandika. Basi kila kashfa ya mdomo, mbele ya Mola wetu, ni kashfa ya maandishi.

Wabillahi tawfiq.