Kutoka Kipigo hadi Paa: Hifadhi ya Mbwa Wanaoachwa Nje katika Sheria za New York, 1866–2003

Sheria za awali za kuzuia ukatili dhidi ya wanyama katika Jimbo la New York hazikuzungumzia makazi. Mwezi Aprili 1866, chama kilichoasisiwa na Henry Bergh kilipopata hati ya kuanzishwa, bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyolenga kupiga, kujeruhi na kutesa. Sheria ya 1867 iliongeza kosa la kumnyima mnyama riziki ya lazima, na kuwataka waliofungia wanyama kuwapa chakula na maji. Orodha hiyo haikutaja hifadhi dhidi ya baridi, mvua au jua.

Pengo hilo lilikuwa na athari katika ushahidi. Pale ambapo kosa hutambuliwa kwa mateso yaliyokwisha kutokea, mwendesha mashtaka hulazimika kuonesha madhara mwilini mwa mnyama. Mbwa aliyefungwa uani wakati wa theluji, akiwa bado hai na ameshiba, alikuwa vigumu kulindwa na sheria ya namna hiyo.

Kifungu cha 353-b cha Sheria ya Kilimo na Masoko, kilichotungwa mwaka 2003, kilibadili swali la msingi. Badala ya kuuliza mbwa ameumia kiasi gani, kinauliza kibanda chake kikoje. Kibanda kiwe na paa lisilopitisha maji, kiwe imara, na kiwe na kinga ya baridi inayolingana na hali ya hewa ya mahali. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala akiwa amenyoosha miguu, na uchafu uweze kuondolewa. Aidha, mbwa aliyefungwa nje apatiwe kivuli pale jua linapohatarisha afya yake. Ufaafu wa hifadhi hupimwa kwa kuzingatia aina ya mbwa, hali ya mwili wake na tabianchi.

Faini ya kosa la kwanza ni ndogo: dola 50 hadi 100. Uzito wa kifungu umo katika muda. Baada ya saa 72 tangu mmiliki ashtakiwe, kila siku anayoendelea bila kurekebisha kasoro huhesabika kuwa kosa jipya. Hivyo adhabu inalenga kumfanya ajenge, wala si kulipia mnyama aliyekufa.

Hata hivyo, kifungu hicho kinahusu mbwa pekee, na maneno kama “inayolingana” humwachia afisa tathmini. Pennsylvania, mwaka 2017, ilielekea kwenye vipimo vya namba: kumfunga mbwa nje kwa zaidi ya dakika 30 katika joto lililo chini ya nyuzi 32 au juu ya nyuzi 90 za Fahrenheit humwondolea mmiliki dhana ya kisheria kwamba hajamtelekeza. Namba hurahisisha ushahidi, lakini hazitofautishi mbwa mwenye manyoya mazito na mtoto wa mbwa. Mvutano kati ya kipimo kinachothibitika na kipimo kinachomfaa mnyama mmoja mmoja ndio urithi mkuu wa mabadiliko haya.