Mzungu wa Pili Juu ya Mzungu wa Tatu: Karata ya Mtu Mmoja na Historia ya Maneno Yake

Tunapofundishwa maneno ya Kireno katika Kiswahili, mifano huwa ileile: meza, leso, mvinyo, gereza. Mimi ningependa kuongeza kitu ambacho walimu hukipita haraka, labda kwa sababu kinanuka kamari. Nazungumzia karata. Na nitaanzia Bugembe, mahali ambapo Mreno wa karne ya 16 hakuwahi kukanyaga.

Bugembe iko kwenye barabara itokayo Jinja kwenda Iganga. Makao makuu ya ufalme wa Busoga yapo hapo, na tangu Julai 2020 mji wetu ni sehemu ya Jiji la Jinja. Kiswahili kilitufikia kwa njia nyingi: misafara ya wafanyabiashara iliyofika kwa Kabaka Suuna katika miaka ya 1840, kisha reli, kisha kambi za jeshi. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanayoikumbuka. Wazee wengi wa Busoga bado wakisikia Kiswahili wanasikia bunduki, na mwanafunzi anayekisomea hulazimika kujieleza nyumbani kwao kila likizo.

Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Ikaja amri ya kutotoka nje usiku, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Wachezaji wa matatu, ule mchezo wetu wa karata ambao ukiweka mbili mwenzako anaokota mbili, walitawanywa kutoka kwenye vijiwe vyao. Matatu hauchezwi peke yako. Nilibaki na karata 52 na hakuna wa kumgawia.

Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya reli Mombasa mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ndiye aliyenifundisha karata ya mtu mmoja, yeye upande wake wa ua, mimi upande wangu, tukipaza sauti. Alisema aliujifunza kwa karani Mgoa, na hakuwa na jina la mchezo. “Ni karata ya peke yako tu, mwanangu,” aliniambia.

Kanuni zake ni hizi. Unachanga karata, unazigawa zote katika safu saba. Safu ya kwanza ina karata moja tu, iliyofunuliwa. Ya pili ina moja iliyofunikwa na tano zilizofunuliwa juu yake. Ya tatu mbili zilizofunikwa na tano wazi. Hivyo hivyo mpaka ya saba yenye sita zilizofunikwa na tano wazi. Hesabu: 21 zimefunikwa, 31 ziko wazi. Hakuna akiba ya kuokota. Unaweza kuhamisha karata yoyote iliyo wazi, pamoja na zote zilizoilalia hata kama hazina mpangilio, mradi unaiweka kwenye karata ya mwisho ya safu nyingine, yenye rangi tofauti na iliyoizidi kwa daraja moja. Karata iliyofunikwa ikibaki wazi juu, unaifunua. Safu ikiwa tupu, anayeruhusiwa kuianza ni mfalme tu. Ukipata ree unaiweka kando, na juu yake unapanga aina ileile kutoka mbili mpaka mfalme. Zikipanda zote nne, umeshinda.

Ugumu haukuwa hapo. Ulikuwa kwenye majina. Mzee hakusema jeki, kwini na kingi kama tunavyosema vijiweni. Alisema wazungu: mzungu wa pili ni malkia, mzungu wa tatu ni kijana, mzungu wa nne ni mfalme. Kwa hiyo alinielekeza hivi: kumi ikae chini ya mzungu wa tatu, mzungu wa tatu akae chini ya mzungu wa pili, mzungu wa pili akae chini ya mzungu wa nne. Nilihesabu vidoleni. Tatu, mbili, nne. Nilimuuliza mpangilio gani huo; akajibu kwamba ndivyo wanavyoitwa.

Nikarudi kwenye jambo hilo chuoni. Majina hayo si ya mzee peke yake. Ni Kiswahili cha pwani cha zamani. Na aina nne za karata nazo hujieleza: kopa, uru, shupaza, pau. Kwa Kireno ni copas, ouros, espadas, paus, yaani vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Turufu ni trunfo. Tazama karata yenyewe: kopa ina picha ya moyo, lakini jina lake ni kikombe, uru ni mwiba mwekundu wa pembe nne, lakini jina lake ni dhahabu. Picha ni za Kifaransa, majina ni ya karata za kale za Kireno. Japani, ambako Wareno walifika mwaka 1543, karata za jadi huitwa karuta mpaka leo.

Hapa mwanafunzi hushawishika kuandika kwamba Waswahili walifundishwa karata kati ya 1498, Vasco da Gama alipopita, na 1698, Fort Jesus ilipoanguka. Mimi nakataa kwenda mbio hivyo. Wareno wenyewe bado huita moyo copas hadi sasa, na walikaa Msumbiji mpaka 1975 na Goa mpaka 1961. Neno lingeweza kuingia kupitia baharia wa 1550 au kupitia karani Mgoa wa Zanzibar miaka mia tatu baadaye. Jina la aina ya karata halitoshi kutoa tarehe.

Wazungu wale, hata hivyo, wanatuambia kitu zaidi. Katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca, kijana humshinda malkia, na kila karata ina pointi zake: malkia 2, kijana 3, mfalme 4. Ndiyo tatu, mbili, nne yangu! Naona namba hizo hazikuwa za daraja kamwe. Zilikuwa thamani. Waliopokea karata pwani hawakuokota maneno matupu sokoni. Walijifunza mchezo mzima, wakakaa na kuhesabu pointi, kisha wakaacha vyeo vya kigeni na kutoa jina lao wenyewe, mzungu, kwa wale watu wenye taji na nguo za ajabu. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya kukopa.

Mchezo wa mzee una historia nyingine kabisa. Karata ya mtu mmoja inaonekana katika maandishi ya Ujerumani na nchi jirani mwishoni mwa karne ya 18. Aina inayojulikana zaidi, Klondike, ina jina la eneo la Kanada lililovamiwa na wachimba dhahabu kuanzia 1896, na ndiyo iliyoingizwa katika Windows mwaka 1990. Ile ya mzee huitwa Yukon, jina la eneo hilohilo. Nimeicheza kwenye kompyuta ya maktaba. Ukikosea, karata inarudi yenyewe ilikotoka, bila maneno. Mzee alikuwa akisema “mzungu wa tatu hakai hapo,” na kunieleza kwa nini.

Alifariki katika wimbi la pili la korona, Juni 2021. Katika darasa letu la Kiswahili tuko ishirini na sita, na nilipouliza shupaza ni nini, watatu walijibu kwamba ni chombo cha kulimia. Vijiweni Bugembe pau limekuwa maua. Wachezaji wamerudi, matatu inaendelea, na sasa hukaa nao nikiwa na daftari, naandika wanavyoita kila karata kabla sijaokota mbili zangu.