Jeni na upungufu wa nguvu za kiume

Mjini Ngong na Kitengela, Kaunti ya Kajiado, si ajabu kukuta kikaratasi cha mganga kwenye nguzo ya umeme, kikiahidi kurejesha nguvu za kiume. Sayansi huanzia kwingine. Inakadiriwa kuwa theluthi moja ya hatari ya kupata tatizo hili hurithiwa.

Mnamo Oktoba 2018, watafiti wa Kaiser Permanente, California, Marekani, walieleza kuwa sehemu ya kromosomu ya 6, jirani na jeni iitwayo SIM1, inahusiana nalo. Walichunguza wanaume 36,649, kisha wakathibitisha matokeo kwa wengine zaidi ya 222,000 wa Uingereza. Kila nakala ya tofauti hiyo ya kijeni huongeza uwezekano kwa takriban asilimia 26. SIM1 hushiriki kudhibiti uzito wa mwili na tendo la ndoa, lakini unene haukutosha kueleza uhusiano huo.

Kurithi hatari si kurithi ugonjwa. Kisukari, shinikizo la damu na sigara huharibu mishipa, na ile ya uume, kwa kuwa ni myembamba, huathirika mapema. Tatizo huweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa. Kikaratasi hakipimi sukari wala presha.