Nani Aliwaeleza Watu wa Lamu? Shela na Historia ya Wafasiri wa Sayansi

Tangu leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ifutwe tarehe 26 Juni 2019, imezoeleka kusemwa kwamba upinzani dhidi ya mtambo ule ulipikwa Shela. Kila aishiye visiwani anajua kauli hiyo inamlenga nani. Shela ndicho kijiji cha mahoteli na cha majumba yaliyonunuliwa na wageni, kwa hiyo wavuvi wa Lamu na Pate, kwa mujibu wa kauli hiyo, walitiwa maneno kinywani na matajiri waliokuwa wakilinda mandhari yao. Naipinga kauli hiyo kwa sababu inapotosha historia. Inachukulia kwamba mvuvi akizungumza juu ya salfa, majivu ya makaa au joto la maji ya bahari, lazima mgeni amemfundisha cha kusema. Tena inamfuta mtu wa katikati, yule anayesimama baina ya mtaalamu na umma, akachukua elimu ya huyu akaifikisha kwa yule, kisha akarudi na maswali. Visiwa hivi vimekuwa na watu wa namna hiyo kwa muda mrefu, na Shela ni miongoni mwa vituo vyao. Wenye mradi wa makaa walishindwa kwa kuwaruka, ilhali hata sheria iliwataka wasiwaruke.

Historia ya kale ya Shela inajulikana vya kutosha. Simulizi za wenyeji zinawaunganisha na Takwa, mji wa kisiwani Manda uliohamwa katika karne ya 17. Vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1810, vilivyopiganwa ufukweni mwake, vilivunja nguvu za Pate na washirika wao, Wamazrui wa Mombasa. Na msikiti wake wa Ijumaa ni wa mwaka 1829. Kisichotajwa sana ni namna hesabu za mwaka zilivyomfikia mkulima na baharia. Mwaka wa jua wa Waswahili, unaoanzia nairuzi, ulikuwa na siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mkulima hakulazimika kuijua hesabu yenyewe. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba mwongo fulani umeingia, upepo unageuka, na mbegu itiwe ardhini. Mwenye hesabu alipatikana msikitini au barazani, na msimu ukienda kinyume na alivyosema, alikuwapo wa kuulizwa. Kupatikana na kuulizika ndiko kipimo nitakachokitumia katika makala haya yote. Darsa za mwanachuoni Habib Saleh, zilizozaa msikiti wa Riyadha mjini Lamu, zinakidhi kipimo hicho kwa jinsi zilivyowafungulia watoto wa maskini na wa watumwa elimu iliyokuwa ya wenye nasaba. Enzi ya Mwingereza siioni kuwa na mchango mkubwa katika jambo hili, kwani matangazo yake ya afya na kilimo yalikuwa amri zaidi kuliko maelezo.

Katika zama zetu, aliyeielewa kazi hii kuliko wengi ni Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mwana wa Lamu aliyefanya kazi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wengi humkumbuka kwa msamiati aliobuni, na wapo wanaomkosoa kwa maneno yake ambayo umma haukuyapokea. Ukosoaji huo hauigusi kazi yake kubwa zaidi. Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, inaeleza kwa shairi ujenzi wa chombo cha bahari na sehemu zake. Umbuji wa Mnazi, ya 1985, inaueleza mnazi na matumizi yake. Zote mbili zilichota elimu ya mafundi na wakulima, ambao aghalabu hawakuiandika, zikaipeleka kwa msomaji asiyewahi kushika tezo wala kukwea mnazi, na kwa wasomi wa vyuo vikuu vya ng'ambo pia. Nabhany aliamini kwamba jambo la kitaalamu, hata liwe na vipengele vingi kiasi gani, linaelezeka kwa lugha ya watu bila kupunguzwa ukweli wake. Imani hiyo ndiyo iliyokosekana baadaye kwenye mikutano ya makaa.

Lakini kabla ya makaa kulikuwa na mchanga. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuko wa Shela ndivyo chanzo cha maji matamu ya kijiji hicho na ya mji wa Lamu. Mvua ikinyesha hunyonywa na mchanga, ikashuka hadi kukutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi, hukaa juu yake. Kanuni ya wanajiolojia husema kwamba palipo na mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo pana takriban mita 40 nyingine. Hesabu hiyo ina upande wa pili unaotisha: kila mita inayovutwa kutoka juu hupandisha chumvi kutoka chini kwa kiasi kikubwa mno. Wachimba visima wa Lamu walijua tangu zamani kwamba kisima kikichotwa kupita kiasi hugeuka chumvi, na sayansi ilieleza kwa nini. Mwaka 2002 vilima hivyo viliwekwa rasmi chini ya ulinzi wa sheria, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Lamu kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo tangazo la gazeti la serikali hutaja mipaka tu. Kwa mnunuzi wa kiwanja, kilima cha mchanga ni ardhi tupu yenye mandhari nzuri. Ili akione kuwa ni hazina ya maji lazima aelezwe, tena na mtu atakayesikilizwa. Waliobeba maelezo hayo ni watumishi wa makumbusho, wazee na watu wa vikundi vya wenyeji, na mara nyingi walibishana na wale wale wenye fedha za kununua na kujenga kuelekea vilimani. Anayedai kwamba mwenyeji wa Shela hukariri tu sauti ya mgeni tajiri na aeleze, basi, ubishi wa vilima ulikuwa baina ya nani na nani.

Nakubali kwamba ipo chembe ya kweli katika kauli ninayoipinga. Hifadhi ya kasa iliyoanzishwa Shela katika miaka ya 1990, chini ya shirika liitwalo LaMCoT, ilizaliwa kwa msaada wa watu wa hoteli, na fedha za wageni zimeiendesha. Lakini fedha peke yake haziwezi kumshawishi mvuvi amwachilie kasa aliyenaswa wavuni. Anayefanya kazi hiyo ni mwenyeji apitaye fukweni alfajiri, anayeeleza kwa nini kiota kilichotagwa chini ya mstari wa maji ya bamvua hakina budi kuhamishwa, kwa nini mayai yanahitaji karibu miezi miwili mchangani, na kile kipande cha chuma kwenye kikono cha kasa ni cha nini. Mvuvi hupewa zawadi ndogo kwa taarifa yake. Nambari aliyoisoma kwenye chuma, mahali alipomnasa mnyama na siku yenyewe huwa data ya mwanasayansi aliye mbali. Bila yule wa fukweni, mvuvi angebaki na kitoweo na mtafiti angebaki na daftari tupu.

Sasa makaa. Kampuni ya Amu Power ilipendekeza mtambo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara wa kaunti ya Lamu, nao mwaka 2016 ukapewa leseni na NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira. Shirika la Save Lamu, linalounganisha vikundi vingi vya wenyeji, pamoja na wakazi watano, lilikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Yameandikwa mengi juu ya kesi hiyo, karibu yote yakiuliza kama makaa ni mema au mabaya. Chanzo ambacho waandishi wengi hawakukisoma ni kifupi sana: kanuni ya 17 ya Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003. Inamtaka mwenye mradi aeneze matangazo, yakiwemo ya redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, awaeleze mradi na athari zake. Na ahakikishe ameteuliwa mratibu mwenye sifa atakayepokea na kurekodi maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Maneno hayo yana uzito. Sheria ya Kenya ilimtambua mtu wa katikati, ikampa kazi ya kupokea tafsiri, na ikaifanya kazi hiyo kuwa sharti la leseni.

Hukumu ya 2019 inasomeka vizuri zaidi mtu akiwa na kanuni hiyo mkononi. Jopo liliona kwamba mikutano iliyotajwa na kampuni ilikuwa ya utangulizi, ilifanyika kabla ya ripoti ya athari kukamilika, kwa hiyo haikuweza kuwaeleza watu athari ambazo zilikuwa hazijaandikwa. Liliona pia kwamba suala la tabianchi halikuzingatiwa inavyostahili, wakati Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilikuwa imepitishwa mwaka huo huo wa leseni. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imetoa uamuzi unaofanana katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake juu ya bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET: wenyeji walinyimwa habari walizostahili, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika maamuzi yote mawili, kutokueleza kulihesabiwa kuwa kosa lenyewe, hata kabla ya kuuliza mradi una manufaa gani.

Hebu tufikiri kilichohitaji kuelezwa. Mtambo wa aina ile huchota maji ya bahari kupoza mashine, kisha huyarudisha yakiwa na joto zaidi. Ripoti hutaja nyuzi za joto. Kwa mvuvi wa kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, nyuzi hizo hazina maana mpaka aambiwe maji yatatokea kwenye mkondo gani, yataelekea wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, na yatafika kwenye mikoko ambamo kamba hukulia au hayatafika. Mfasiri mzuri hukwama hapo na kurudi kwa mtaalamu na swali. Pengine mtaalamu anakuta kwamba hakulipima jambo hilo, na sayansi yenyewe inatengenezwa. Mikutano ya utangulizi haikuwa na nafasi ya safari hiyo ya kwenda na kurudi. Pengo hilo lilijazwa na wengine: wanachama wa Save Lamu waliopeleka mjadala vijijini, na wanasheria waliotoka Lamu kama Omar Elmawi, aliyeratibu deCOALonize, kampeni ya kupinga makaa. Waandishi wa habari kutoka Nairobi na ng'ambo walipofika, walipata mashua, wakalimani na wazungumzaji kupitia wenyeji kama hao, ambao wengi wao majina yao hayakuonekana kwenye habari zilizochapishwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba Save Lamu walikuwa upande mmoja wa kesi, na mwenye kesi hawezi kuwa mfasiri mwaminifu. Nalikubali nusu yake. Walikuwa na upande, nao waliutangaza. Lakini mtaalamu aandikaye ripoti ya athari naye hulipwa na mwenye mradi, na hakuna anayemwita mpiga kampeni. Kipimo changu ni kile cha mwenye kuhesabu miongo: je, kesho anapatikana, na anaulizika? Wanachama wa Save Lamu wanaswali katika misikiti ile ile na wale waliowaeleza; wakidanganya, watakutana na uongo wao sokoni. Wapo pia waliosema kwamba wenyeji wangekataa hata wangeelezwa vipi. Si kweli. Kwasasi kulikuwa na wenye mashamba waliongojea fidia kwa hamu, na vijana wengi walitaka kazi. Maoni yalikuwa yamegawanyika, na umma uliogawanyika ndio unaohitaji maelezo zaidi kuliko umma uliokwisha kuamua. Wenye mashamba wale walidhulumiwa pia na ukimya, maana walingoja miaka bila kuambiwa kwa ukamilifu ardhi yao ingekuwa jirani ya nini.

Mnamo Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliikataa rufaa ya Amu Power, na hukumu ya 2019 ikabaki. Majalada ya kesi hiyo yana maoni, barua na ushahidi wa wenyeji juu ya bahari yao, ulioandikwa kwa mikono ya watu ambao hakuna kitabu cha historia kinachowataja. Hati za Riyadha zimekwisha kupigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali. Makumbusho ya Lamu yaombe nakala za majalada haya sasa, yakusanye na rekodi za mikutano ya vijijini wakati waliozifanya wangali hai, na yaandike majina ya waliofasiri.