Modeli ya watendaji
Modeli ya watendaji ni namna ya kuunda programu za kompyuta zinazofanya kazi nyingi kwa pamoja, hata kwenye kompyuta zilizo mbalimbali. Ilielezwa mwaka 1973 na Carl Hewitt, Peter Bishop na Richard Steiger nchini Marekani.

Mtendaji hapa si yule wa kata, bali ni sehemu ndogo ya programu inayotunza data zake yenyewe. Watu wawili wakitoa pesa kwenye akaunti moja kwa wakati uleule, salio linaweza kuandikwa kimakosa. Akaunti ikiwa na mtendaji wake, maombi yote humfikia kama ujumbe, naye huyashughulikia moja baada ya lingine.

Lugha ya Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, hufuata mtindo huo. Mtendaji akikwama, msimamizi wake humwanzisha upya bila kuzima wengine. Seva za WhatsApp, inayotumiwa sana Tanzania, ziliandikwa kwa Erlang.