Ubia, ununuzi au muungano?

Kurasa zetu za biashara zimezoea kuandika kwamba kampuni mbili "zimeingia ubia" hata pale moja ilipoimeza nyingine. Watengenezaji wa malori wanatupa mifano mizuri ya kutenganisha maneno haya.

Katika ubia, kila mmoja huweka fungu lake na hubaki na biashara yake. Mwaka 2021 Daimler Truck na Volvo zilianza kumiliki kwa pamoja cellcentric, kampuni ya kutengeneza seli za haidrojeni za kuendeshea malori makubwa, kila upande ukiwa na hisa asilimia 50. Sokoni bado zinagombania wateja walewale.

Mwaka huohuo Traton, kampuni ya kundi la Volkswagen yenye Scania na MAN, iliichukua kampuni ya Marekani iliyoitwa Navistar wakati huo, inayounda malori ya International. Huo ni ununuzi, na aliyenunuliwa haitwi mbia.

Muungano ni jambo la tatu. Juni 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuziweka Hino na Mitsubishi Fuso, ile iliyowapa Watanzania neno "fuso" kwa lori la wastani, chini ya kampuni mama moja. Wazazi wao, Toyota na Daimler Truck, walipanga kushika robo ya hisa kila mmoja.

Ndugu mwandishi, kabla hujachagua neno, uliza kwanza hisa ziko mikononi mwa nani.