Kukingama, Kupatwa, Kutegemeka

Waliokua wakisikiliza redio ya masafa mafupi wanakumbuka mtangazaji akitaja mita bendi: 25, 31, 49. Neno masafa hapo lilikuwa na maana yake ya asili, umbali. Ni urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele. Lakini mhandisi wa mawasiliano akiandika "masafa ya juu" anahesabu kitu kingine, idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja. Wimbi likifupika, idadi huongezeka. Basi masafa yanapokuwa mafupi ndipo yanapokuwa ya juu, na neno moja limeshika ncha zote mbili za kamba. Silalamiki. Nasema tu kwamba mfasiri wa taaluma hii lazima atue hapo kwanza, aamue anamaanisha lipi, ndipo aendelee.

Mimi nilikwama mbele kidogo. Nilikuwa nikifasiri maelezo kuhusu mawimbi ya milimita, kama yale ya gigahezi 28 ambayo urefu wake haufiki hata milimita 11. Aliyewahi kusimama gatini anajua tofauti ya wimbi na wimbi. Wimbi kubwa likikuta nguzo huizunguka na kujiunga upya nyuma yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Viwimbi vya upepo haviwezi. Nyuma ya nguzo huacha maji yaliyotulia. Mwili wa mtu mbele ya mawimbi ya milimita ni nguzo ya namna hiyo. Akipita kati ya simu na antena, nguvu ya mawimbi yanayofika hushuka kwa desibeli 20 hadi 30, maana yake inabaki sehemu moja ya mia, au hata moja ya elfu.

Hali hiyo tuiiteje? Kalamu ilikimbilia kizuizi. Nikakifuta. Anayezuia ana nia: askari barabarani, mlinzi langoni. Nikajaribu kuziba, lakini kinachozibwa ni tundu au bomba, na hewa ya mtaani haina tundu. Neno lililonitoa kwenye dhiki ni kukingama. Mti umeanguka usiku, asubuhi umekingama njiani. Haukukusudia kumkomoa mtu. Tatizo ni pale ulipolala.

Na pale ndipo penye hesabu yenyewe. Mwaka 2014 Tianyang Bai, Rahul Vaze na Robert Heath walichapisha modeli inayoutazama mji kama mistatili iliyotawanywa ovyo juu ya ramani, bila kujali jina la jengo wala mwenye nalo. Swali lao ni moja: mstari ulionyooka kutoka antena hadi simu una uwezekano gani wa kufika bila kukingamwa? Jibu ni kwamba uwezekano huo hupungua kwa uwiano uleule kila unapoongeza umbali uleule. Tuseme kwenye mita 100 nusu ya njia ziko wazi. Kwenye 200 itabaki robo, kwenye 300 thumni. Nomino mkingamo inabeba haya yote bila kusukumwa.

Ukija kwa watu badala ya majengo, jiometri inatoa jambo lililonifurahisha sana. Antena iko juu mita 10, simu umeishika mita 1.4 kutoka ardhini, wapita njia wana urefu wa mita 1.8, nawe uko mita 100 kutoka kwenye antena. Mstari unashuka kutoka juu, unapita juu ya vichwa vya karibu wote. Wanaoweza kukingama ni walio ndani ya mita 5 za mwisho tu, wale wa karibu yako, na aliye karibu kuliko wote ni wewe mwenyewe ukiipa antena mgongo.

Kioo nacho kina habari yake. Vipimo vilivyofanywa New York na kundi la Theodore Rappaport kwa gigahezi 28, vikachapishwa mwaka 2013, vilionyesha kwamba kioo cheupe cha ndani hupunguza mawimbi kwa chini ya desibeli 4, ilhali kioo cha rangi cha ukuta wa nje hupunguza kama 40. Lakini kioo hichohicho cha nje huakisi mawimbi vizuri na kuyatupa mtaani, yakaifikia simu iliyojificha nyuma ya jengo. Kiswahili hakikuwahi kutenga kioo cha dirishani na kioo cha kujitazamia. Katika taaluma hii neno letu liko sahihi kwa maana zote mbili.

Mkingamo wa mtu ni wa muda. Ndiyo maana napenda kusema kiungo kati ya simu na antena kimepatwa, kama tusemavyo jua limepatwa, kisha likatoka. Kupatwa na kupatikana ni watoto wa mzizi mmoja, pata. Kiungo kilichopatwa hakipatikani, kama mteja yule tunayeambiwa na sauti ya simu kwamba hapatikani. Ila muda si jambo dogo. Mpita njia mwenye upana wa nusu mita, akitembea mita moja kwa sekunde, anakingama kwa nusu sekunde hivi. Lengo moja lililowekwa kwa kizazi cha tano cha mitandao ya simu ni ujumbe mfupi ufike ndani ya milisekunde 1, mara 99,999 katika kila 100,000. Nusu sekunde ni milisekunde 500.

Sifa hiyo ya kufika mara zote hizo wengine wameiita kuaminika. Uaminifu ni wa mtu. Mimi nasema kutegemeka, na sababu yangu iko ndani ya hesabu. Dawa ya mkingamo ni simu kushika antena mbili au tatu kwa pamoja. Ikiwa kila njia hupatwa mara 1 katika 10, njia tatu hupatwa pamoja mara 1 katika 1,000, kwa sharti kwamba zisitegemeane. Kutegemeka kunajengwa juu ya kutotegemeana. Kiswahili kimeyaweka maneno hayo mlango kwa mlango, nami nilihitaji kufasiri ukurasa mzima kabla sijayaona. Antena tatu zilizopangwa kwenye ukuta mmoja hupotea zote kwa pamoja pindi mwenye simu anapogeuka kumsalimu jirani. Moja ikihamishiwa ng'ambo ya barabara, hapohapo inakuwa mbele ya uso wake.